Betri ya 100Ah ni sawa na pawabenki tano? Hesabu zinanikataa

#1 Kijana_wa_Kasarani
Wasee habari zenu. Nina maswali mawili na msinicheke. Pawabenki yangu imeandikwa 20,000 mAh. Betri ya sola niliyonunua imeandikwa 12V 100Ah. Sasa Ah moja si ni mAh elfu moja, kwa hivyo 100Ah ni mAh 100,000, yaani pawabenki tano basi. Pawabenki mtaani ni kama elfu mbili na nusu, tano zinakuja elfu kumi na mbili na nusu. Hiyo betri nimeitoa elfu kumi na saba, na nikalipa mtu wa mkokoteni juu. Nimepigwa ama kuna kitu sioni? Swali la pili, fundi aliniambia itabeba tivi, waifai na taa tatu usiku kucha, lakini stima ikipotea haimalizi masaa manne inveta (ile ya kugeuza stima ya betri iwe ya 240V) inaanza kulia. Kati ya fundi na betri nani muongo?

#2 MtuWaLuthuli
Fundi, betri, na hiyo hesabu yako pia.

#3 FundiNgara
Mkuu umeruka volti. Ah, yaani ampia-saa, peke yake inakuambia mkondo kiasi gani kwa muda gani, haikuambii mkondo huo unasukumwa na volti ngapi. Ndani ya pawabenki mna seli za lithiamu za volti 3.7. Zidisha, 20Ah mara 3.7V ni wati-saa (Wh) 74. Betri yako 100Ah mara 12V ni wati-saa 1,200. Gawanya 1,200 kwa 74 unapata kumi na sita na kitu. Pawabenki kumi na sita, si tano. Hujapigwa, kwa hilo swali la kwanza. La pili tutaona.

#4 Mjuaji01
Fundi unachanganya watu bure. Pawabenki inatoa volti 5, kila mtu anajua USB ni volti 5. 20Ah mara 5 ni 100Wh. Kwa hivyo ni pawabenki kumi na mbili. Hiyo 3.7 umeitoa wapi?

#5 FundiNgara
@Mjuaji01 geuza pawabenki yako usome yale maandishi madogo ya nyuma, yale yanahitaji miwani. Nyingi zimeandikwa 3.7V 74Wh. Ile 20,000 inahesabiwa kwa volti ya seli, si ya USB. Ukipandisha volti kutoka 3.7 hadi 5, ampia zinashuka, 74 gawa kwa 5 ni 14.8Ah. Halafu ile sakiti ya kupandisha volti inakula yake asilimia kumi, kumi na tano, inaitoa kama joto, ndio maana pawabenki ikichaji simu inapata moto mfukoni. Unabaki na kama 12,500 mAh za kweli kwa volti 5. Zile za kampuni zinazojiheshimu zinakuandikia hiyo namba ya pili pale pale, tena kwa herufi ndogo zaidi. Kwa hivyo simu ya 5,000 mAh usitarajie kuichaji mara nne, ni mbili na nusu mpaka tatu hivi.

#6 Kijana_wa_Kasarani
Nimesoma yangu. Kweli imeandikwa 74Wh. Miaka yote hii nimekuwa nikilaumu simu.

#7 Pipeline_Ghorofa7
Yangu ni 50,000 mAh nilinunua steji kwa soo nane. Inachaji simu mara moja na kidogo, halafu inazima. Hiyo nayo mnaihesabu aje?

#8 MtuWaLuthuli
@Pipeline_Ghorofa7 hiyo hatuihesabu, hiyo tunaiombea.

Ukweli ni huu, mimi nauza hizi vitu. Ile seli ya duara iliyo kwa pawabenki nyingi na kwa tochi inaitwa 18650, milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Seli bora kabisa ya saizi hiyo inafika karibu 3,500 mAh na ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ukiona imeandikwa 9,900 mAh hiyo ni namba ya mtu wa kuchapisha stika. Kuna seli zingine zimetolewa kwa laptopu zilizokufa zikavalishwa nguo mpya. Sasa 50,000 mAh ya kweli inahitaji seli kama kumi na tano, hapo tu ni zaidi ya gramu mia sita kabla ya plastiki. Yako inatoshea kwa kiganja? Nimeshafungua moja nikapata seli mbili na kipande cha chuma kimebandikwa ndani ili iwe nzito. Kimebanwa vizuri na gundi, kazi safi kabisa.

#9 Pipeline_Ghorofa7
Inatoshea kwa kiganja na nafasi inabaki ya kushika funguo 😭

#10 StimaImepotea
Hata kwa ndege wanatumia Wh, hawatumii mAh. Chini ya 100Wh unaingia nayo ndani bila maneno mengi, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika, zaidi ya hapo unaiacha. Na haiingii kwa mzigo wa chini, unabeba mkononi. Ndio maana unaona pawabenki nyingi zinaishia 26,800 au 27,000. Zidisha 27 kwa 3.7 utaona, ni 99.9. Hao watu walipiga hesabu.

#11 Mwalimu_Mstaafu
Salamu. Nimefundisha hii mada miaka mingi na naomba mtu asianze ile hadithi ya tenki la maji na bomba, tumeisikia ya kutosha.

Ah ni kipimo cha chaji. Ampia moja kwa saa moja nzima ni kulombu 3,600, basi. Haina nishati ndani yake mpaka uizidishe na volti. Wh ndiyo nishati, na wati-saa moja ni jouli 3,600. Yuniti moja ya tokeni ya stima ni kilowati-saa (kWh) moja, jouli milioni 3.6. Wati nayo ni kasi ya kutumia nishati, jouli moja kila sekunde, haina habari ya muda.

Sasa nimeona hata magazeti yanaandika mtambo fulani "unazalisha megawati 310 kwa saa". Hapana. Upepo wa Turkana ni megawati 310 kwa sababu kuna mitambo 365 na kila mmoja ni kilowati 850. Huo ni uwezo wa papo hapo upepo ukiwa mzuri. Ikivuma hivyo saa moja nzima unapata megawati-saa 310, saa mbili 620. Ni mara saa, si kwa kila saa. Anayegawanya pale pa kuzidisha atapata majibu ya ajabu maisha yake yote.

#12 MamaKunde
Mwalimu shikamoo na asante lakini mimi umenipoteza kwa kulombu. Nataka kujua tu hiyo betri ya huyu kijana ni tokeni ya pesa ngapi.

#13 StimaImepotea
@MamaKunde 1,200Wh ni 1.2 kWh, yaani yuniti moja na nukta mbili. Yuniti moja kwa nyumba ya kawaida ukijumlisha kodi na zile tozo zote inakuja ishirini na kitu hadi thelathini hivi. Kwa hivyo betri ya elfu kumi na saba ikijaa mpaka juu imebeba stima ya kama shilingi 35.

#14 MamaKunde
Ati nini

#15 Kijana_wa_Kasarani
Manze. Thelathini na tano bob?? Si hiyo ni nauli ya matatu asubuhi kabla mvua. Na bado sijaizoea ile ya pawabenki, hiyo nayo ni ngapi, shilingi mbili?

#16 StimaImepotea
Mbili na kidogo. Stima kwa laini ni rahisi sana wasee, kuihifadhi ndio ghali. Mtu akilia tokeni ni ghali mpe betri anunue.

#17 Mpita_Njia
Mnataka kulia zaidi? 74Wh ukigeuza kuwa kalori za chakula ni kama 64. Ndizi moja mbivu ni kama 100. Pawabenki yenu ya elfu mbili na nusu ina nishati kidogo kuliko ndizi ya shilingi kumi pale steji ya Githurai. Na mwenye betri ya 100Ah ukikula chapati nne na nusu umeipita.

#18 MtuWaLuthuli
Kuanzia kesho nauza ndizi.

#19 Mjuaji01
Hiyo ya ndizi ni uongo, ndizi haiwezi kuchaji simu.

#20 Mwalimu_Mstaafu
@Mjuaji01 hajasema inachaji simu, amesema nishati. Hesabu yake iko sawa, kilowati-saa moja ni karibu kilokalori 860, piga mwenyewe. Kuigeuza hiyo nishati kuwa umeme ni kazi nyingine, lakini kuitumia kupanda ngazi za ghorofa saba unaweza.

#21 Pipeline_Ghorofa7
Mwalimu amenitaja bila kunitaja.

#22 DadaWaRongai
Turudi kwa swali la pili la mwenye uzi maana mmeliacha. Mimi nimekuwa na sola tangu tukiwa hatuna laini kabisa huku kwetu. Betri za asidi na risasi, iwe ya maji, iwe jeli, huzimalizi mpaka chini. Unatumia nusu unaacha nusu. Kwa hivyo hiyo 1,200 yako ni 600 ya kutumia. Tivi 60, waifai 10, taa tatu za wati 9 ni 27, jumla karibu 100. 600 gawa kwa 100 ni masaa sita. Toa inayopotea kwa inveta asilimia kumi na tano ni masaa matano. Hapo bado sijatoa mengine. Manne si ajabu hata kidogo, fundi wako ndiye alikosea kusema usiku kucha.

#23 Mjuaji01
Hii maneno ya nusu ni ya watu wa zamani. Inveta yenyewe inakata ikifika volti 10.5, iliwekwa hapo na mtengenezaji kwa sababu. Tumia mpaka ikate.

#24 DadaWaRongai
@Mjuaji01 kutumia utatumia, nani amekataa. Lakini ukiimaliza kila siku itakufa ndani ya mwaka, ukiishia nusu inakupatia miaka. Nilimaliza moja hivyo kabla sijajua. Risasi ikikaa bila chaji inaota sulfeti ngumu kwa zile bamba na hiyo haitoki tena. Ni pesa yako lakini.

#25 FundiNgara
Naongeza kitu ambacho wauzaji hawasemi. Hiyo 100Ah imepimwa kwa masaa ishirini, yaani ampia tano polepole mpaka ikaisha. Tivi na taa kwa inveta zinavuta kama ampia kumi, na ukivuta kwa nguvu betri ya risasi inatoa kidogo kwa jumla. Kuna Mjerumani anaitwa Peukert alilieleza hilo 1897 na bado linatuuma Kariobangi leo. Kwa ampia kumi hiyo 100 yako inakuwa 85, 90. Na kuna zingine za sola zimepimwa kwa masaa mia moja, hizo lebo yake inanona zaidi. Tafuta kwa stika kama imeandikwa C10, C20 au C100, hiyo namba ni yale masaa. Kama haijaandikwa chochote basi mwenyewe hakutaka ujue.

#26 StimaImepotea
Mimi sikubaliani kwamba shida ni betri. Shida ni inveta. Hizo inveta za wati 1,000 za bei ya chini zikiwa zimewashwa tu bila kitu chochote zinakula wati kumi, kumi na tano, wengine ishirini. Sasa wewe una waifai ya wati kumi, unaiwashia inveta inayokula kumi na tano ndio ipate 240V, halafu adapta inarudisha tena hiyo 240V kuwa 12V. Betri yako ni 12V, ruta yako ni 12V, katikati umeweka mashine mbili za kupasha hewa moto. Nunua kile kigeuzi kidogo cha DC ukiunge moja kwa moja kwa betri, na si waya tupu, maana betri ikichajiwa inapanda mpaka 14.4V na ruta zingine hazipendi.

#27 BodaYaUmeme
Samahani nadandia. Mimi niko kwa pikipiki ya umeme hapa town. Betri yangu imeandikwa 72V 45Ah. Nilikuwa naona 45 ni ndogo kuliko 100 ya huyu mkubwa na nikawa nashangaa inanibeba aje na abiria na mzigo wa Nyamakima. Sasa kwa hesabu yenu 72 mara 45 ni 3,240. Kumbe natembea na karibu mara tatu ya betri yake chini ya makalio?

#28 FundiNgara
Mara mbili na nukta saba, ndio. Na yako ni lithiamu, unaitumia karibu yote, kwa hivyo kwa kweli ni zaidi. Inakupeleka kilomita ngapi?

#29 BodaYaUmeme
Sabini, sabini na tano hivi, nikiwa mpole. Nikipanda na abiria mzito upande wa Kabete inashuka haraka mpaka naona aibu.

#30 FundiNgara
3,240 gawa kwa 75 ni wati-saa 43 kwa kilomita. Yaani pawabenki ya huyu kijana haikufikishi kilomita mbili.

#31 Pipeline_Ghorofa7
@BodaYaUmeme si stima ikipotea unapanda nayo juu uchomeke kwa tivi

#32 BodaYaUmeme
Si yangu buda, ni ya kampuni, unabadilisha kwa stesheni unaenda. Na hata ingekuwa yangu siwezi kubeba hicho kitu ghorofa saba hata nikikula ndizi zote za Githurai.

#33 MamaKunde
Na ile hita ya bafu? Landlodi wetu ametuwekea mita zake ndogo na anatuuzia yuniti kwa bei yake, kila mwezi analaumu hita.

#34 DadaWaRongai
@MamaKunde kwa hita nitamtetea kidogo. Nyingi ni wati 5,000 mpaka 5,500. Dakika kumi za kuoga ni karibu yuniti moja nzima. Watu wanne nyumbani wakioga kila siku hizo ni yuniti mia na zaidi kwa mwezi, na ukipita 30, halafu ukipita 100, unaingia kwa bei ya juu zaidi. Kwa bei yake ya kujiwekea ndio simtetei. Angalia mita yako usiku ukiandika namba kabla ya kuoga na baada, utajua mwenyewe.

#35 Mjuaji01
Kwani birika si mbaya zaidi? Linaandikwa wati 2,000.

#36 Mwalimu_Mstaafu
Wati ni kasi, nimesema. Birika la lita moja na nusu huku Nairobi linachemka karibu nyuzi 94 kwa sababu tuko juu, linatumia kama yuniti 0.15 na linazima lenyewe. Hita ina kasi kubwa na mtu anaimba humo ndani. Hata hivyo usiliunge kwa betri ya 12V, wati 2,000 gawa kwa 12 ni ampia zaidi ya 160. Kebo zako zitakuambia kabla ya inveta.

#37 MtuWaLuthuli
Mnajadili risasi mwaka huu kweli? Lithiamu ya chuma na fosfeti, hiyo ndio maneno. Volti 12.8, 100Ah, unatumia asilimia tisini bila woga na inabebwa kwa mkono mmoja, kilo kumi na kitu. Ama chukua ile ya 51.2V 100Ah ya kutundika ukutani, hiyo ni kWh 5.12. Zote mbili zimeandikwa 100Ah na moja ni mara nne ya nyingine. Nimeona mteja akilia kwamba jirani yake aliuziwa 100Ah kwa bei ya chini na yeye ameuziwa 100Ah kwa bei ya gari. Njooni tuongee.

#38 Kijana_wa_Kasarani
@MtuWaLuthuli unajua vizuri sina pesa hiyo. Wengine asanteni, lakini sasa nina maelezo manne ya masaa manne. Nusu, Peukert, inveta, na ile ya fundi muongo. Nichukue gani?

#39 DadaWaRongai
Ngoja, hukusema paneli. Ni wati ngapi?

#40 Kijana_wa_Kasarani
Wati 100. Iko kwa paa upande ule wa tenki.

#41 DadaWaRongai
Upande wa tenki maana yake kivuli. Na hii ni Julai, kuna siku jua hatulioni mpaka saa nane. Paneli ya 100 kwa Julai ukipata kama masaa manne ya jua la nguvu, toa vumbi, joto, kontrola ya kuchaji ya bei rahisi, unabaki na wati-saa 280 kwa siku nzuri. Betri yako ya 1,200 iliyo tupu itahitaji siku tano hivi bila kuguswa ndio ijae. Mimi nasema betri yako haijawahi kujaa.

#42 StimaImepotea
Lakini anasema anaitumia stima ikipotea tu. Siku tano za kupumzika anazo. Kwa hivyo inajaa, shida ni inveta.

#43 Kijana_wa_Kasarani
Tivi na taa ndio stima ikipotea. Waifai iko kwa betri mchana na usiku, si ndio nilinunulia, nafanya kazi nyumbani.

#44 DadaWaRongai
😂😂 Haya. Waifai wati 10 mara masaa 24 ni 240. Inveta inayoingoja wati 12 mara 24 ni 288. Jumla 528 kwa siku. Paneli inaleta 280. Hata stima isipopotea mwaka mzima hiyo betri inazama tu.

#45 StimaImepotea
Naona umerudi kwa inveta yangu kwa mlango wa nyuma.

#46 DadaWaRongai
Inveta ni yako, paneli ni yangu. Ondoa inveta, 240 kwa 280 bado ni pua kwa pua, siku mbili za mawingu anazama. Aongeze paneli.

#47 FundiNgara
Tuache kubishana kwa midomo. Mkuu una mita ya fundi? Saa moja jioni, jua likishaondoka, zima kila kitu, ngoja kama saa moja, pima volti kwenye vichwa vya betri. Ikiwa 12.7 imejaa. 12.2 ni nusu. Chini ya 12 usiniambie.

#48 Kijana_wa_Kasarani
Nimeazima kwa jirani. 12.3.

#49 DadaWaRongai
Nilisema. Inaanza usiku ikiwa nusu.

#50 StimaImepotea
Nilisema. Inveta imekula mchana kutwa.

#51 Mjuaji01
12.3 ni zaidi ya 12 iliyoandikwa kwa lebo, iko sawa kabisa hiyo betri.

#52 FundiNgara
@Mjuaji01 pole sana. Hiyo 12 ni jina tu, ni seli sita za volti mbili mbili.

Lakini wasee, hesabu yangu inasema kitu kingine. Kama inaanza ikiwa nusu na inavuta ampia kumi, ikatoa masaa manne mpaka inveta ilie, hapo ametoa kama 40Ah kutoka kwa ile nusu iliyokuwa imebaki. Inaingiana na 100Ah ya kweli ikiwa imechoka kidogo. Kwa hivyo betri si mbaya sana.

#53 MtuWaLuthuli
Ama ni betri ya 75 iliyovalishwa stika ya 100 na ilikuwa imejaa zaidi ya vile mita ya jirani inasema. Hiyo mita ya jirani ni ya bei gani? Zile za manjano za mia tatu betri yake ikiisha zinasoma vile zinataka. Dawa ni moja, pima kilo. Betri ya risasi ya 12V 100Ah ya kweli ni kilo 28 mpaka 30, risasi haijifichi. Lebo unaweza kuchapisha, uzito huwezi. Ukiniuliza vile wanaweza kuongeza uzito kwa pawabenki na chuma, kwa hii kubwa hawajali, wanajua hakuna mtu anapima.

#54 Kijana_wa_Kasarani
Nipime wapi? Mizani ya bafuni ilikufa.

#55 BodaYaUmeme
Kuna yadi ya skrapu pale nyuma ya soko la Mwiki, wana mizani ya kuning'iniza. Nikupitie jioni, utalipa ya mtu mmoja, mzigo bure.

#56 Kijana_wa_Kasarani
Tumepima. Kilo 24. Jamaa wa skrapu ameniuliza kama nauza, ati anachukua kwa kilo.

#57 MtuWaLuthuli
24!!! Hiyo ni 75, 80 ukiiheshimu sana. Kesi imefungwa.

#58 FundiNgara
Haijafungwa. Mizani ya skrapu unaiamini? Hao wanapima wakinunua, si wakiuza. Ukweli inaweza kuwa 26, 27.

#59 DadaWaRongai
Hata ingekuwa kilo 40, paneli ni ya 100 na iko kwa kivuli cha tenki. Msogeze paneli kwanza ndio mzungumze risasi.

#60 Mwalimu_Mstaafu
Kama mnataka jibu, ichajiwe kwa chaja ya stima mpaka ijae kweli, ipumzike, halafu iungwe kwa balbu ya gari ya 12V wati 60 peke yake bila inveta. Hiyo inavuta ampia tano, vile vile ilivyopimwa kiwandani. Ikae masaa kumi mfululizo. Volti zikibaki 12.2 baada ya kupumzika, ni 100Ah. Zikiwa 11.9 aende na betri dukani, na risiti.

#61 Kijana_wa_Kasarani
Risiti iko lakini imeandikwa "betri moja kubwa".

#62 Pipeline_Ghorofa7
😭😭😭 Kubwa ni Ah ngapi?

#63 MamaKunde
Mkimaliza huko naomba mnisaidie. Friji yangu imeandikwa 220V, 0.8A, na kando yake 280 kWh kwa mwaka. Nikizidisha 220 kwa 0.8 kwa masaa 24 kwa siku 365 napata karibu 1,540. Stika gani inadanganya?

#64 StimaImepotea
Zote ni za kweli mama, friji haifanyi kazi kila dakika, mota inazima ikipoa. Lakini weka picha ya stika tuone mwaka wa kutengenezwa.

#65 MtuWaLuthuli
Picha ya friji na ya ile risiti pia.